Siku Moja Maishani Mwangu: Kufunga Mizigo ya Ngamia Nikiwa Nakuru

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimekwisha kushika simu. Kazi yangu ni kuandaa misafara ya ngamia katika jangwa la Chalbi, kaunti ya Marsabit, na ingawa ninaishi Free Area hapa Nakuru, mbali sana na ngamia wenyewe, siku ya mwisho kabla ya kuondoka ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Nilimpigia mzee wa Kigabra aliyeko Kalacha, mwenye ngamia tunaowakodi.

"Habari ya huko, mzee?"

"Salama, mwanangu. Mvua haijagusa Chalbi. Chini bado ni kugumu."

Maneno hayo yalinipa utulivu wa siku nzima. Chalbi ni kitanda cha ziwa lililokauka, na mvua ikinyesha, ule uwanda wa chumvi hugeuka matope. Wayo wa ngamia ni mpana na laini, unafaa sana mchangani, lakini kwenye matope huteleza, na ngamia aliyeteleza akiwa na mzigo anaweza kuumia asiinuke tena. Mzee aliniambia pia kwamba atawanywesha ngamia wake siku tutakayofika. Ngamia mwenye kiu hunywa zaidi ya lita 100 kwa muda mfupi, na kinyume cha wengi wanavyodhani, maji hayo hayakai kwenye nundu. Nundu ni mafuta.

Saa mbili asubuhi nilikuwa kwa fundi wa turubai, ambaye alikuwa akimalizia kushona mifuko ya kubebea mitungi. Saa nne nilikuwa soko la Wakulima. Nilichukua kabeji, vitunguu na viazi, nikaacha sukuma wiki kwa sababu hunyauka siku ya kwanza. Mama ninayenunua nafaka kwake alitaka kunipimia maharagwe. "Mama, nipe kamande," nilimwambia, kwa kuwa maharagwe hutaka saa nyingi motoni na maji mengi, na jangwani vyote viwili ni haba.

Kuanzia saa saba mchana nilikuwa uani kwangu na mizani ya kuning'iniza, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Tutakuwa watu 10, na ninamhesabia kila mtu lita 7 kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa. Kutoka kisima kimoja hadi kingine tutatembea siku 3, kwa hiyo lita 210 ni za lazima. Nikiongeza akiba kidogo, napata mitungi 12 ya lita 20. Ngamia watatu watabeba mitungi minne kila mmoja, miwili kila ubavu. Tandiko lao ni miti inayofungwa juu ya mikeka na ngozi, na mzigo huning'inia pande zote mbili. Upande mmoja ukizidi, tandiko huvuta na kusaga ngozi ya mgongo kila hatua, kutwa nzima. Ndiyo maana anayetugawia maji safarini ana amri moja: akifungua mtungi wa kulia leo asubuhi, jioni afungue wa kushoto wa ngamia yuleyule. Magunia ya chakula niliyapima mawili mawili. Gunia la unga lilipozidi mwenzake kwa kilo 3, nililifungua, nikapunguza, nikalishona upya kwa sindano ya magunia.

Najua gharama ya mzigo usio sawa. Mwaka jana mtungi mmoja mpya ulikuwa na ufa mwembamba karibu na mshikio, ukavuja kimyakimya usiku na mchana, na tulipogundua, ngamia mmoja alikuwa na kidonda mgongoni kikubwa kama kiganja changu. Tulimtua mzigo wote akatembea mtupu hadi mwisho wa safari. Sijasahau alivyokuwa akigeuza shingo kukitazama kidonda hicho.

Saa kumi jioni wageni walileta mabegi yao. Nilimwomba mmoja aache viatu viwili vya ziada, na akakubali bila kinyongo. Saa kumi na mbili tulipakia gari, kwa kuwa alfajiri tunashika njia ya Nyahururu, Nanyuki, Isiolo na Marsabit, kisha Maikona hadi Kalacha.

Mitungi haikupakiwa. Niliijaza yote 12 pamoja na wa akiba, nikailaza kifudifudi juu ya katoni kavu barazani. Maji ya safari tutayajaza Kalacha. Haya yalikuwa ya kujaribia tu. Saa nne usiku nilipita na tochi, nikiinua mmoja baada ya mwingine na kupapasa katoni kwa kiganja. Chini ya mtungi wa tisa palikuwa na unyevu wa ukubwa wa shilingi. Niliuweka kando, nikaleta ule wa akiba mahali pake, na maji yake nikayamwagia mboga zilizo nyuma ya nyumba.