Jina la tovuti yangu lilivyonaswa, nami nilivyolirudisha

Kila meza inayotoka kwenye karakana yangu pale Keko, Dar es Salaam, ina anwani ya tovuti kwa chini. Naichoma kwa chuma cha moto kabla ya kupiga vanishi. Kwa hiyo mteja mmoja wa Morogoro aliponipigia kuniuliza, "Fundi, mbona tovuti yako inatangaza mikopo?", nilihisi kama nimevunjiwa duka.

Nikaifungua kwenye simu. Ukurasa mweupe, matangazo manne: sofa za ngozi, vitanda, mikopo ya nyumba, mapazia. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: jina hili linauzwa.

Kijana aliyenitengenezea tovuti alisajili jina kwa barua pepe yake. Alishahamia kazi nyingine, na vikumbusho vya malipo vikawa vinamwendea yeye. Jina la .com halipotei siku ileile muda wake unapoisha. Msajili, yaani kampuni inayouza majina ya tovuti, anaweza kukupa hadi siku 45 za kulipia, kisha zipo 30 za kulikomboa kwa faini, halafu 5 za mwisho, ndipo linaachiwa. Zote zilipita nikiwa napiga randa. Na wapo watu ambao kompyuta zao zinavizia majina kama hayo usiku na mchana.

Nilidhani aliyelichukua ana chuki na mimi. Wala hanijui. Jina lililokwisha kuzoeleka lina watu wanaolibishia hodi, na kulitunza ni dola kumi na kitu kwa mwaka. Mteja wangu akipotelea pale akabonyeza tangazo, huyo aliyelinasa analipwa. Watu hawa hushika majina kwa mamia. Likiuzwa moja kwa bei nono, limelipia mengine. Langu aliliwekea dola 1,900. Niliuliza mara moja tu nikanyamaza, maana ukiuliza mara ya pili umeshamwonyesha kwamba unalihitaji.

Kushtaki nako nilikuangalia. WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la mali ubunifu, inapokea mashauri haya tangu 1999, ila ada inaanzia dola 1,500, na lazima uthibitishe haki yako kwenye alama ya biashara. Mimi BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, nilisajili jina la biashara tu.

Nikaamua kumkaushia wateja yule aliyelinasa. Nilisajili .co.tz, nikafuta maandishi ya kirikuu na kuyaandika upya, nikachapisha kadi mpya, nikabadilisha anwani kila mahali mtandaoni. Wenye meza za zamani niliwapigia mmoja mmoja, kazi iliyonichukua jioni nyingi. Kila mwezi nilitazama kwenye whois, daftari la mtandaoni la majina ya tovuti, ambako tarehe ya jina kuisha muda iko wazi kwa yeyote, na mapema nikaweka oda kwa kampuni inayonasa majina yanapoachiwa.

Mwaka ulipoisha, hakulipia. Siku zote zile zikahesabika tena, safari hii nikizihesabu mimi. Asubuhi moja ujumbe ukaingia: jina limepatikana.

Nimelilipia miaka 10, ambayo ndiyo kikomo, kwa barua pepe yangu mwenyewe. Nikanunua na la pili, lenye "fenicha" badala ya "fanicha", kwa kuwa wateja wangu wengi huandika hivyo. Halina tovuti yake. Linampeleka mtu kwenye ile ya kweli. Mke wangu aliuliza kwa nini nalipia kitu kisichotumika. Wiki iliyopita mama mmoja wa Mbagala alinifikia kupitia hilo hilo la "fenicha". Anataka kabati la vyombo, milango mitatu, mninga.