Tyuna niliyoikereza mwenyewe, na ilivyonichukua kuipatia alama yake

Kwa misimu miwili karatasi zangu za shabaha zilikuwa na ugonjwa mmoja. Matundu hayakutawanyika kushoto wala kulia, yalipangana juu na chini kama shanga kwenye uzi. Ninapiga bunduki ya .22 (kipenyo cha risasi kwa inchi) ya mita 50 katika shabaha ya kuegemeza: bunduki inalala juu ya mifuko ya mchanga, mpigaji anaigusa kidogo tu, na una dakika 20 za kumaliza shabaha 25, risasi moja kila moja. Ukizipata zote ni alama 250. Mimi nilikuwa naishia 238, siku nzuri 240, na karibu kila pointi iliyopotea ilipotea juu au chini ya duara.

Mwenzangu wa klabu aliniazima kipima kasi, nikafyatua risasi 50 za boksi moja. Ya polepole kuliko zote ilitoka kwa mita 319 kwa sekunde, ya kasi zaidi 327. Tofauti hiyo ni ndogo mpaka uipigie hesabu. Kufika mita 50, risasi ya .22 hutumia takriban sekunde 0.16, na katika muda huo inaanguka kama milimita 125 chini ya mstari wa kasiba, yaani mtutu wa bunduki. Ile ya polepole inachelewa kidogo, hivyo inaanguka zaidi kwa milimita 6 hivi. Upana wa risasi yenyewe haufiki hapo. Basi hata mkono wangu ungekuwa wa chuma, zile shanga zingebaki palepale.

Dawa yake ni tyuna, yaani uzito unaofungwa kwenye mdomo wa kasiba na unaoweza kusogezwa mbele na nyuma. Kasiba ikifyatuliwa hutikisika kama ufito uliobanwa upande mmoja. Ukiweza kuupanga mtikisiko huo ili risasi itoke wakati mdomo unapanda, basi risasi ya polepole, inayochelewa kutoka, inakuta mdomo umeinuka zaidi ya ilivyoukuta ile ya kasi. Inarushwa juu kidogo, na kule kuanguka kwake kunafidiwa. Jambo hili lilinifurahisha nilipolielewa mara ya kwanza, na bado linanifurahisha: hubadilishi risasi, unabadilisha wakati.

Niliamua kuikereza mwenyewe. Sikutaka kukata hesi (mifereji kama ya skrubu) kwenye kasiba, maana ukikosea hapo hakuna kurudi nyuma. Nikachagua kola ya alumini ya kubana, yenye tundu la milimita 22 sawa na unene wa kasiba yangu, urefu milimita 50, na nje yake hesi ya hatua ya milimita 1. Juu ya kola ikapanda pete ya shaba ya njano. Sikutumia alumini kwa alumini kwa sababu hesi za namna hiyo hung'ang'aniana na kuchanika. Pete nikaichora mistari 50 kuizunguka, kwa hiyo kila mstari unasogeza uzito milimita 0.02. Kola ilitoka gramu 57, pete 146. Daraja langu la mashindano lina kikomo cha kilo 4.762 kwa bunduki nzima pamoja na darubini, nami nilikuwa karibu na mpaka, ikabidi nibadilishe vishikio vya darubini nipate nafasi.

Kazi ngumu ilikuwa lile tundu la kola. Nilikuwa nachonga mikato ya mwisho, napima, naona iko sawa, narudi baada ya nusu saa nakuta limebana. Alumini hupata joto ikichongwa, hupanuka, na ikipoa hurudi. Nikajifunza kusimamisha mashine, kuacha kipande kipoe kabisa, kisha kupima tena kabla ya mkato wa mwisho. Hapo ndipo kola ilipoteleza kwenye kasiba kwa uzito wake tu, bila kucheza.

Nikaifunga kwa bidii, nikaenda uwanjani, na bunduki ikapiga vibaya kuliko zamani.

Hili nitalieleza kwa kirefu kwa sababu sijaona watu wengi wakilisema. Nyumbani nilitoa bolti, nikahakikisha chemba ni tupu, nikachukua kidonge cha risasi laini kisicho na baruti nikakisukuma polepole ndani ya kasiba kwa fimbo ya kusafishia. Kilikwenda kwa ulaini ule ule mwanzo hadi karibu na mwisho, halafu, palepale kola ilipoanzia, mkono ukahisi kizuizi. Kidogo sana, kama kupitisha kidole juu ya mshono wa shati. Skrubu zangu mbili za kufungia kola zilikuwa zimeibana kasiba mpaka njia ya risasi ikafinyika. Nikalegeza robo mzunguko, nikasukuma tena, nikalegeza tena, mpaka kile kizuizi kikatoweka. Kola bado haikusogea. Tangu siku ile nafunga kwa spana yenye kipimo, na kidonge kinapita kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa nikaanza kutafuta alama ya tyuna, yaani mstari wa pete ambapo matundu hukusanyika. Asubuhi mapema, vibendera vya upepo vikiwa vimelala, risasi tano kwa kila mistari mitano ya pete. Kwenye 30 shanga zilikusanyika zikawa karibu tundu moja refu kidogo. Nikashangilia. Wiki iliyofuata nikarudi kwenye 30 ile ile, zikatawanyika.

Sababu moja ilikuwa rahisi: pete ilikuwa na mchezo kwenye hesi, na mara ya kwanza nilifika 30 nikitokea nyuma, mara ya pili nikitokea mbele. Nikatia mpira mwembamba wa duara na grisi nzito, na sasa nafika kwenye alama nikitokea upande mmoja tu siku zote. Nikiipita, narudi mistari kumi nyuma na kuanza upya.

Sababu ya pili ilikuwa chini ya bunduki kabisa. Nilitazama kwenye darubini huku nikiisukuma bunduki nyuma kwa mkono, bila risasi, kama inavyorudi ikifyatuliwa. Msalaba haukushuka wima, ulikwenda mshazari. Sehemu ya mbele ya kitako inayolalia mfuko haikuwa sambamba na ile ya nyuma. Tyuna inapanga mtikisiko wa juu na chini, nami nilikuwa naipa bunduki inayojipinda kila ikirudi. Nikachonga bamba la alumini la upana wa milimita 76, nikalisawazisha kwa pimamaji, nikalibandika kwa gundi ya epoksi na kuacha likauke usiku kucha. Mfuko wa nyuma niliushindilia mchanga mpaka ukawa mgumu kama jiwe, na masikio yake nikayapaka poda ili kitako kiteleze. Msalaba sasa unashuka na kurudi kwenye mstari uleule.

Nilipokuwa humo humo nikapima na skrubu zinazoshika mtambo (sehemu ya chuma yenye bolti, inayobeba kasiba) kwenye kitako. Nikaweka geji ya mshale kati ya kasiba na mbao, nikalegeza skrubu moja: mshale ukaruka milimita 0.12. Mtambo ulikuwa umepindishwa na kitako chake wenyewe muda wote huo. Nikamwagia epoksi chini yake ili ulale bila kulazimishwa, na sasa mshale hautikisiki zaidi ya 0.02.

Baada ya hapo nikaanza kutafuta alama upya, kana kwamba sijawahi. Ikawa 33, na nilipoijaribu siku tatu tofauti ilibaki 33. Kwa boksi za namba nyingine ya kiwanda ikawa 41, kwa hiyo nanunua risasi za namba moja nyingi kwa mpigo, na juu ya kila boksi naandika alama yake kwa penseli.

Katika shindano la mwisho la msimu nilipata 247. Zile tatu zilizopotea zilikwenda kushoto, kibendera cha kati kilipogeuka nami nikaharakisha kufyatua.