Shamba la Anathothi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii usingizi umekuwa mgumu. Habari za vita zinaingia kwenye simu usiku kucha, na nikipiga magoti maneno yananiishia. Nimeng'ang'ania Yeremia 32, maana humo namwona mtumishi aliyebanwa kuliko mimi na bado akatenda lililompasa.

Kisa mnakijua. Ni mwaka wa kumi wa Sedekia, mfalme wa Yuda. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, na Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi kwa kutabiri kwamba mji utaanguka. Ndipo binamu yake Hanameli anamjia: ninunulie shamba langu la Anathothi. Shamba, wakati adui yuko malangoni! Yeremia akanunua, kwa kuwa Bwana ndiye aliyemwagiza. Akapima fedha kwenye mizani, shekeli 17. Akatia sahihi, akaita mashahidi, akampa Baruku, mwandishi wake, hati zote mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, zitiwe katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Hakuruka hatua hata moja.

Sasa angalieni mstari wa 16. Sala yake inakuja baada ya kukabidhi hati. Na katika sala hiyo hafichi kitu: mji unatiwa mikononi mwa Wakaldayo (ndio hao Wababeli), nawe Bwana umeniambia ninunue shamba! Alikuwa ameshatii, na bado haelewi. Wengi wetu tunataka moyo utulie kwanza. Tunasema Mungu akinipa amani nitarudi kwenye huduma, nitalipa deni la watu, nitapatana na wifi yangu. Mpendwa, tii na hilo swali lako, kisha mpelekee Bwana. Hakumkemea Yeremia kwa kuuliza. Alimjibu, "Je! kuna neno gumu lo lote nisiloliweza?" Na katika jibu hilohilo akamthibitishia kwamba mji utachomwa moto. Mazingira ya vita yalibaki palepale. Alichopewa Yeremia ni neno la Bwana mwenyewe kwamba mashamba yatanunuliwa tena katika nchi hiyo.

Dada mmoja wa ushirika wetu ana mama mzazi Goma, mashariki mwa Kongo, fundi cherehani. Mji ulipotekwa mwishoni mwa Januari 2025, benki zikafunga na watu wakatawanyika. Mama alikuwa na kitenge cha mteja aliyelipa kabisa, kisha akakimbia asijulikane alikokwenda. Mama alikishona. Akapiga pasi, akakunja, akaandika jina la mwenyewe, akaiweka nguo kabatini. Binti yake alipomuuliza kwa simu kwa nini anajisumbua, alijibu, "Fedha yake nilipokea, mwanangu, na Mungu aliona." Nimelia kwa ajili ya jibu hilo. Mama huyo bado anasikia risasi usiku, lakini anasema analala.

Na hapa lazima niseme na sisi tunaopenda unabii mwepesi. Hanania, nabii wa uongo katika sura ya 28, aliwaahidi watu kwamba katika miaka 2 nira ya Babeli itakuwa imevunjwa. Yeremia alikuwa amesema 70. Mnadhani watu walimpenda nani? Leo tunasambaziana ujumbe wa "mwezi huu vita vyako vimeisha, sema amina", wala hatumuulizi mwenzetu kama ana unga nyumbani. Tuache. Mtu aliyefiwa akilishwa ahadi ambayo Mungu hakuitoa, siku ile ikipita atamwona Mungu ndiye mwongo. Kaa naye, pika naye uji, mwambie ukweli.

Yesu alisema "Amani yangu nawapa" usiku uleule aliokamatwa. Alijua Yuda ameshatoka kwenda kumsaliti.

Kwa hiyo wiki hii kila mmoja achukue jambo moja aliloliahirisha mpaka mambo yatulie, alifanye kwa ukamilifu wake: deni, ahadi, zamu ya kumtazama mgonjwa. Ukimaliza na moyo bado unadunda, fungua mstari wa 17 uombe kwa maneno ya Yeremia mwenyewe: "Aa, Bwana MUNGU..."