Milimita 6 za Serengeti

Nina ramani tatu za Serengeti kaskazini na hakuna mbili zinazoelewana. Moja ni ile ya zamani ya serikali, kipimo 1:50,000, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imetoboka kwenye mikunjo. Nyingine ni ya watalii, imejaa picha za simba. Ya tatu niliikata kwenye gazeti mwaka 2010, mpango wa barabara ya lami ya Arusha–Musoma ulipokuwa gumzo la kila kijiwe: mstari mwekundu mnene unatoka Mto wa Mbu, unapanda Loliondo, unakatiza hifadhi, unatokea Mugumu.

Siku zile kila mtu alikuwa na ramani yake na kila mmoja alimwita mwenzake mwongo. Mimi pia nilikuwa hivyo, mpaka nilipopata kibarua cha kumbebea vyombo mpima ardhi.

Kazi ilikuwa kutafuta bikoni, yaani jiwe la mpaka, wa kijiji kimoja upande wa Mugumu. Bosi alisoma kwenye ramani ya zamani namba za mahali ilipo bikoni, akaziingiza kwenye jipiesi (GPS), tukaifuata. Ikatufikisha katikati ya shamba la mihogo. Hakuna jiwe. Tukafyeka, tukachimba kidogo, tukatoka jasho bure. Mwenye shamba, mzee mmoja, alikuwa amekaa kivulini anatutazama.

"Shikamoo mzee. Kuna jiwe la mpaka hapa?"

"Marahaba. Hapa hapana. Jiwe liko kule chini, karibu na korongo. Mngeuliza kabla ya kukata mihogo yangu."

Bosi hakutaka kuamini. Alidhani mzee anajiongezea eneo, maana kusogeza mpaka ni mchezo wa zamani. Tukateremka naye kuelekea kusini, hatua mia tatu na kitu, na jiwe hilo hapo, limezama nusu ardhini.

Bosi alikaa kimya muda mrefu, kisha akaanza kubonyeza vitufe. Kumbe jipiesi ilikuwa imewekwa kwenye mfumo wa dunia nzima, WGS 84, wakati ramani ya zamani ilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Namba ni zilezile ila kila mfumo unaanza kuhesabu mahali pake, na kwetu huku tofauti inakaribia mita 300, zaidi ikiwa ni ya kaskazini na kusini. Kwenye karatasi ya 1:50,000 hiyo ni milimita 6, kama upana wa penseli. Alipobadilisha mfumo, nukta ikaruka kwenye kioo na kutua juu ya jiwe. Mzee hakushangaa hata kidogo.

Tangu siku hiyo, nikiona ramani mbili zinagombana, kwanza nauliza kila moja ilikuwa inapima nini. Mwaka 2011 serikali iliiandikia UNESCO kwamba lami ingeishia kilomita 57.6 kabla ya mpaka wa mashariki wa hifadhi, na kilomita 12 kabla ya ule wa magharibi. Kilomita 53 za ndani ya hifadhi zingebaki changarawe chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Itazame habari hiyo kwenye ramani yenye hifadhi peke yake, kijani katikati na nyeupe pembeni, utalala usingizi. Itazame kwenye ile yangu ya watalii: pale penye weupe pameandikwa Pori Tengefu la Loliondo, eneo jingine la wanyamapori, na nyumbu wakirudi kusini kuanzia Novemba hupita humo humo. Mtu wa Loliondo naye atakutolea ramani ya tatu, ya vijiji vilivyosajiliwa, juu ya ardhi ileile. Kila karatasi ina sheria yake nyuma. Mstari wa hifadhi ndio uliopigiwa kelele, lakini nyumbu haujui.

Na ule mstari mwekundu wa gazeti! Nimeupima kwa rula: una unene wa kilomita nzima. Mkuza wa barabara, yaani ardhi inayotengwa kwa ajili yake, kisheria ni mita 30 kila upande.

Nisijifanye mtakatifu, barabara niliitaka. Nimepanda basi la Musoma–Arusha linalokatiza hifadhini, nikalipia geti ili tu niende msibani. Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ilipozuia lami ndani ya hifadhi, Mugumu kuna walionuna, nami nilikuwa mmoja wao kwa siku kadhaa.

Mwaka jana nilipita tena shambani kwa yule mzee. Mihogo imeng'olewa, sasa kuna mahindi. Nikateremka hadi korongoni. Jiwe lipo, ila upande mmoja lina mfuo mrefu, laini, unaong'aa.

"Ni mimi," mzee akasema. "Hapo ndipo ninaponolea panga."