Ujasiri sio kutopepesa macho tu

Kwa Wabukusu kule Bungoma, magharibi mwa Kenya, Agosti ya kila mwaka wa namba shufwa, kijana anapakwa matope ya mtoni alfajiri na baridi yote ile, halafu anasimama mbele ya ukoo mzima atahiriwe, na akionyesha uoga kidogo tu hilo litamfuata mpaka uzeeni. Mi naiheshimu sana hiyo, ila jamani sidhani kama ndo ujasiri wote. 1992 pale Uhuru Park Nairobi akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wengine bibi zetu kabisa, waligoma kula wakidai watoto wao waachiliwe, mwanaharakati Wangari Maathai akiwa nao, polisi walipowavamia baadhi yao wakavua nguo, na kwa mila zetu nyingi mama wa rika la mamako akikuvulia nguo hiyo ni laana wewe! Hawa hawakuficha uchungu, walilia, walipiga mayowe, na bado hawakukata tamaa, wakahamia kanisa la All Saints wakaendelea.

Ujasiri huu wa kutetemeka ndo naouweza. Siku hizi kwenye kikao cha chama najilazimisha kuuliza hesabu ziko wapi, sauti itetemeke ikitaka, mweka hazina ashaanza kuninunia.