Kabla ya Kuwasha Kanuni za Kufuta

Mwaka 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipoanza kutumika mwezi Mei, makao makuu Dar es Salaam walishtuka. Sisi huku Tabora tulikuwa tunanunua asali na nta kwa wafugaji nyuki wa Sikonge na Urambo, na seva yetu ilibeba kila kitu tangu kampuni ianze: stakabadhi, mikataba, orodha za wafugaji, hata picha za harusi za mtu aliyeacha kazi zamani. Sheria mpya haitaki taarifa za mtu zikae kuliko zinavyohitajika. Sheria ya kodi nayo inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Mshauri mmoja wa Dar akaandika kanuni: programu ipitie kila faili, itambue ni la aina gani, ilipe lebo, na muda ukiisha ilifute yenyewe. Mimi nikapewa kuzijaribu. Meneja alitaka ziwashwe Ijumaa.

Nilinakili kumbukumbu zote kwenye mashine ya pembeni, nikaiambia programu isifute kitu, itoe ripoti tu: hili ningelipa lebo hii, lile ningelifuta. Wapo wanaojaribu kwa vifaili vichache walivyovitunga wenyewe, vimenyooka kama askari wa gwaride. Majaribio ya namna hiyo hufaulu siku zote.

Ripoti nikaichapa na kuipeleka masjala, kwa mzee anayetunza majalada.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, umeniletea hukumu?"

Akavaa miwani, akachukua kalamu nyekundu. Hakumaliza ukurasa wa kwanza. Orodha za simu za wafugaji zilikuwa zimepewa lebo ya "Kodi". Nikafungua faili moja tuangalie. TIN, yaani namba ya mlipakodi, ina tarakimu 9, na kanuni ilisema popote penye tarakimu 9 mfululizo, hiyo ni nyaraka ya kodi. Namba ya simu ina 10. Lakini ukiiandika kwenye Excel kama namba ya kawaida, sifuri ya mbele inadondoka: 0754 inabaki 754, na zilizobaki ni 9 kamili. Kwa hiyo majina na simu za watu, yaani kile kile ambacho sheria mpya ilitutaka tusikikumbatie, kilikuwa kinalindwa kwa kisingizio cha kodi. Mimi nilicheka. Mzee hakucheka.

Kwenye tarehe ndiko kulikooza. Mafaili yalikuwa yamehamishwa kutoka seva kuukuu, na kwenye Windows ukinakili faili, tarehe ya kuundwa inakuwa siku uliyonakili, huku ile ya kubadilishwa mara ya mwisho ikibaki ya zamani. Stakabadhi zilihesabiwa kwa tarehe ya kuundwa, basi hata za 2011 zikaonekana zimezaliwa juzi. Mikataba ilihesabiwa kwa tarehe ya kubadilishwa. Mkataba wa pango la ghala la Sikonge, uliosainiwa 2012 kwa miaka 15 na haujaguswa tangu hapo, ukawa umeandikiwa "futa".

Mzee akauzungushia wino mara mbili. "Kijana wangu, asali imo ghalani humo sasa hivi. Mwenye nyumba akija na wanawe, utamwonyesha nini?"

Tena mkataba ukiisha, madai yake yanaweza kufika mahakamani ndani ya miaka 6. Muda ulipaswa kuhesabiwa tangu mkataba unapokoma, na tarehe hiyo kompyuta haiwezi kuibuni. Lazima mtu aiandike.

Nyaraka zilizoskaniwa nazo zilikuwa picha tupu, hazina maandishi ya kusomeka na programu. Zote zikaangukia lebo ya "Nyingineyo", na huko ndiko mshauri alikoweka muda mfupi kuliko kote. Hilo lilinikera kuliko yote. Kitu usichokitambua unakifutaje kwanza?

Tulipompigia meneja aling'ang'ania Ijumaa yake. Mama mhasibu akaniomba simu. "Bosi, kwa heshima zote, kuna pingamizi letu la kodi ya 2017 halijaamuliwa. Kwenye kanuni hizi sioni pa kusema majalada yake yasiguswe kwanza. Ukiwasha, tutajitetea na nini?" Upande wa pili kukawa kimya, kisha akauliza kama tunaweza kuwasha lebo peke yake.

Ikawa hivyo. "Nyingineyo" nikaiondolea ufutaji kabisa, na TIN nikaitafuta penye neno TIN karibu yake. Mzee akakaa na mimi jioni kadhaa tukijaza tarehe za mwisho za mikataba, akaweka sharti lake: hakuna faili litakalofutwa bila orodha yenye sahihi mbili, ya masjala na ya uhasibu. Mshauri alilalamika kwamba hiyo si otomatiki tena. Mzee alimjibu kwa barua, yenye kumbukumbu namba na muhuri.