Kituo kinachofuata mwezi

Kwetu Igombe, kaskazini mwa jiji la Mwanza, kazi ya akina mama hupangwa na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, maana mwanga ndio unaowavuta juu. Mbalamwezi ikishika, taa haina nguvu na mitumbwi hupumzika. Siku za giza mitumbwi hurudi alfajiri, na mama anayechelewa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hukuta mzigo mzuri umeshanunuliwa. Vituo vya watoto nilivyovijua mjini vilifunguliwa saa mbili asubuhi, wakati mwaloni kazi kubwa imeshakwisha.

Sasa mtoto wa miaka mitatu anakwenda wapi saa kumi na moja alfajiri? Wengine walifungiwa ndani wamelala. Wengine waliachiwa dada yao wa darasa la pili, naye akakosa shule. Waliobaki walimfuata mama, wakakaa mchangani hatua chache kutoka majini huku yeye ameinama anaanika. Hao ndio walionikosesha usingizi. Mtoto mdogo hazami kwa kelele. Anainama kuchota maji kwa kopo, anateleza, na maji ya magotini yanamtosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja malezi ya mchana kuwa njia mojawapo ya kuzuia kuzama kwa watoto ambao hawajaanza shule. Nilipousoma niliona wazi: kituo cha huku kwetu kazi yake ya kwanza ni kumpokea mtoto kabla mama hajafika majini. Herufi na namba zitafuata.

Kwa hiyo tulipoanzisha kituo chetu tulianza na saa. Kwenye giza tunafungua alfajiri, mama akiwa njiani kwenda mwaloni, na kwenye mbalamwezi tunafungua asubuhi ya kawaida. Michango nayo inafuata hivyohivyo. Mama analipa kwenye giza, pesa ikiwapo, na anayeweza kuleta dagaa badala ya pesa analeta. Kumdai mchuuzi wa dagaa ada wakati mitumbwi imepaki ni kumfukuzia mtoto mchangani.

Chumba tulipewa na wazee wa kanisa moja, upande wa juu, nyuma ya mawe makubwa, mbali na ziwa. Kabla ya kupokea mtoto nilikwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kituo kisajiliwe. Wapo wanaokwepa hatua hiyo wakiogopa usumbufu. Mimi ilinisaidia: ndiye aliyekagua choo, akatuambia komeo la geti liwekwe juu mkono wa mtoto usipofika, na kila pipa na ndoo ya maji iwe na mfuniko. Ndoo nayo inaua.

Kanuni iliyoleta ubishi ni ya makabidhiano. Mtoto anatoka mkono wa mtu mzima kuingia mkono wa mtu mzima. Hatumpi kaka yake wa miaka saba aende naye, hata kama mama ametuma ujumbe. Bibi mmoja anayelea wajukuu wawili walioachwa na marehemu binti yake alikuja juu.

"Mayu (yaani mama), sisi sote tumekulia humu ziwani. Mbona hatukufa?"

"Shikamoo bibi. Ni kweli mmekua. Lakini wa nyumba yenu waliozama wakiwa wadogo unawakumbuka?"

Alinyamaza, kisha akataja jina la mdogo wake. Tangu siku hiyo huja mwenyewe kuwachukua wajukuu, na akichelewa anamtuma mtu mzima tunayemfahamu.

Maji yalitusumbua kuliko chochote. Ziwa liko karibu, bomba hutoka linapotaka, na maji ya ziwani yana kichocho. Dawa ya kichocho inayogawiwa shuleni huwafikia watoto wa shule ya msingi, wetu bado umri huo hawajafika. Tulichoweza ni kuzuia ngozi zao zisiguse maji mabichi ya ziwa. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na haviishi muda mrefu nje ya konokono, ndani ya siku mbili vimekufa. Tukaweka mapipa ya kupokezana, yaliyofunikwa vizuri: leo tunaogeshea maji yaliyochotwa juzi, ya leo yanasubiri. Ya kunywa yanachemshwa, hilo halina mjadala. Wazazi wameanza kuiga nyumbani, hasa baada ya nesi wa zahanati kuja kuwaeleza kwamba mkojo au kinyesi cha mtu mmoja mwenye kichocho kikiingia ziwani, ugonjwa unarudi kwa watoto wa mwalo mzima.

Nesi huyo ni nguzo yetu. Alitufundisha kupima mkono wa mtoto kwa utepe: chini ya sentimita 11.5 ni hatari, mtoto anapelekwa zahanati siku hiyohiyo. Kati ya hapo na 12.5 anafuatiliwa kwa karibu. Tunaangalia kadi za kliniki kila mtoto anapoandikishwa. Utashangaa wangapi walipata chanjo ya surua ya miezi tisa, ya miezi kumi na minane ikasahaulika kwa sababu familia ilihama kisiwa, kutoka Ukara au Ukerewe, kufuata samaki. Hao ndio tunaowaandika kwanza kwenye orodha ya kupeleka zahanati, na vitamini A na dawa ya minyoo tunazifuatilia kila baada ya miezi sita.

Chakula ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, maana tunaishi juu ya dagaa. Tunapokea walioanikwa juu ya chanja tu. Wa mchangani wana mchanga na uchafu, hata wakioshwa. Tulijaribu kusaga dagaa kwenye uji, watoto wakatema. Sasa uji ni wa dona na karanga zilizochambuliwa moja moja, iliyooza au yenye ukungu inatupwa, na dagaa wanaliwa mchana na ugali na mchicha. Ule unga wa lishe wenye nafaka na mbegu za kila aina sishauri kabisa, maana ukishasagwa huwezi kuona iliyokuwa na ukungu.

Kujifunza kunatoka hapohapo. Watoto hawa wameona mama zao wakitenganisha furu, samaki wengine wadogo wa ziwani, na dagaa tangu wakiwa mgongoni, kwa hiyo kuchambua wanakujua. Tunawapa vifuniko vya chupa, mbegu na vijiti wavipange kwa ukubwa, kwa rangi, kisha wavihesabu. Wengine wanafika wakijua Kisukuma tu, wengine Kijita au Kikerewe. Mlezi anawapokea kwa lugha yao, anawaimbia kwa lugha yao, Kiswahili kinaingia taratibu kupitia michezo. Kijana mmoja mdogo alikaa kimya wiki nyingi, wakubwa wakadhani ana tatizo la masikio. Mlezi wetu wa Ukerewe alimwuliza kwa Kikerewe kama ameshiba, akajibu kwa hadithi ndefu kuhusu mtumbwi wa baba yake.

Kinachonisumbua sasa ni wachanga. Kituo kinapokea kuanzia miaka miwili, kwa hiyo wa chini ya hapo bado wako mgongoni mwaloni, kwenye baridi ya alfajiri na moshi wa kukaushia samaki. Tumezungumza na afisa ustawi kuhusu chumba cha pili, chenye walezi wengi zaidi kwa watoto wachache, na mahali pa mama kuja kunyonyesha katikati ya kazi. Akina mama wenyewe wameshaonyesha mahali: banda la zamani la nyavu, juu ya barabara, ambalo mwenye nalo amekubali kulitoa giza likiisha.